Iteni Kiraka, Msiite Haki

Waandishi wa programu za kompyuta wana maneno mengi ya kuchekesha ya kutajia kazi mbaya. Wakiunganisha vipande visivyopatana ili mradi mashine iwake, wanaita kluji. Wakirekebisha kitu juu juu usiku wa manane ili kesho kifanye kazi, wanaita haki, yaani lile neno la Kiingereza linavyotoka likitamkwa kwa ulimi wetu. Programu iliyosokotana hadi mwenyewe haielewi wanaiita tambi. Wakibadilisha programu huku inakwenda, bila kugusa asili yake, wanasema wameweka kiraka cha nyani. Na kosa ambalo chanzo chake hakikutafutwa wanasema wamelifunga kwa utepe wa gundi, ijapokuwa hapo hakuna utepe wala gundi.

Mimi nasoma kompyuta na Kiswahili katika chuo kimoja hapa Kampala. Asubuhi nafundishwa kuandika programu, mchana nafundishwa kupima maneno. Nimeyasikia maneno haya sana, na baadhi yake yananichekesha hata mimi. Lakini nina shauri nalo. Nasema kwamba utani huu unawaficha watu wetu jambo wanalostahili kulijua: kwamba chombo kinachotunza pesa zao, matokeo yao ya mitihani na kadi zao za hospitali kimeshikiliwa na kiraka. Nasema pia kwamba Kiswahili kina majina ya viraka hivyo, na majina hayo yanafaa kuliko yale ya kuazima, kwa sababu yanatoa hukumu. Yanasema nani alifanya nini, na kama alikosea.

Tuanze na asili ya maneno yenyewe. Neno la "haki" hii ya kompyuta kwa Kiingereza ni kukata ovyo, kama mtu anayekata mti kwa panga butu. Katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, wanafunzi walikuwa na klabu ya treni za mfano iliyoanzishwa mwaka 1946. Walijenga reli ndogo juu ya meza kubwa na kutandaza nyaya na swichi chini yake. Mwaka 1959 mwanachama mmoja, Peter Samson, alikusanya kamusi ndogo ya maneno ya klabu, na neno hilo lilikuwamo. Baadaye wanachama kadhaa walihamia kwenye kompyuta za chuo, na neno likahama nao.

Kluji ilipata umaarufu mwaka 1962, Jackson Granholm alipoandika makala ya mzaha katika jarida la Datamation kuhusu namna ya kubuni kluji. Alikuwa akiwacheka wahandisi wanaotengeneza mashine za vipande visivyooana. Kiraka nacho kilikuwa kiraka kweli. Zamani programu zilitobolewa kwenye kadi na kwenye tepu za karatasi. Tundu likikosewa, mtu alichukua kipande cha karatasi akaliziba, au alikata sehemu yenye kosa akaunga nyingine. Ungeweza kukipapasa kiraka hicho kwa kidole. Ama kiraka cha nyani, husimuliwa kwamba mwanzo kilikuwa kiraka cha mpiganaji wa msituni, anayevamia kwa siri. Kwa kuwa kwa Kiingereza jina la mpiganaji huyo na jina la sokwe mkubwa yanafanana kwa sauti, kikawa cha sokwe, na kutoka kwa sokwe kikateremka hadi kwa nyani.

Ndugu msomaji, tazama jambo moja katika historia hii. Maneno haya yalizaliwa kati ya watu waliokuwa wakitumia vitu walivyovitengeneza wenyewe. Katika ile klabu ya treni, aliyeunga waya vibaya ndiye aliyeona treni yake ikisimama. Aliyecheka na aliyeumia alikuwa mtu mmoja, na mtu ana ruhusa ya kujicheka mwenyewe. Fundi akisema shati lake mwenyewe amelishona hovyo, nani atamlaumu?

Kwetu neno limefika bila ile klabu. Leo anayecheka yuko ofisini Kampala, Nairobi au Kigali, na anayeumia yuko kwenye foleni mahali pengine, akiwa na kitabu cha akiba mkononi. Hawajuani. Hapo utani umebadilika maana, ingawa herufi zake ni zile zile.

Nitatoa mfano ninaoujua. Shangazi yangu, ambaye kwetu tunamwita ssenga, ni mwanachama wa chama cha akiba na mikopo katika mji mdogo nje ya Kampala. Sitakitaja jina, wala aliyekiandikia programu sitamtaja. Chama hicho kilikuwa na tatizo. Karani akifuta risiti iliyokosewa na kuandika nyingine, programu iliiondoa pesa kwenye hesabu ya mwanachama lakini haikuirudisha risiti mpya ilipotolewa. Jioni pesa zilizomo kwenye droo zilizidi zile zilizomo kwenye kompyuta. Kutafuta chanzo kungechukua siku kadhaa, na meneja alitaka hesabu zilingane siku hiyo hiyo. Basi kijana akafungua akaunti ya mwanachama asiyekuwepo duniani. Akaandika mistari michache: kila jioni, tofauti yoyote itupwe kwenye akaunti hiyo. Tangu siku hiyo hesabu zikalingana kila jioni, meneja akafurahi, na kijana akalipwa. Baada ya muda akaondoka akapata kazi kwingine.

Miaka miwili baadaye ssenga alitaka kutoa pesa za kumpeleka binti yake chuo cha uuguzi. Kitabu chake kilionyesha salio moja, kompyuta ikaonyesha lingine. Pengo lilikuwa shilingi 600,000. Karani akamwambia kwa heshima, "Nyabo, kompyuta haina pesa hiyo." Ilichukua wiki tisa za kulinganisha risiti moja moja hadi ikaonekana kwamba siku moja aliweka 600,000, jina lake likakosewa herufi kwenye risiti, risiti ikafutwa, na pesa yake ikaenda kwa yule mwanachama asiyekuwepo. Alirudishiwa. Lakini muhula wa binti ulikuwa umekwisha kuanza, akasubiri mwaka mzima nyumbani.

Katika wiki hizo tulimpigia simu yule kijana. Ni mtu wa upande wa mpakani, na ssenga amenunua vitenge Busia kwa miaka mingi, kwa hiyo walizungumza Kiswahili. Kijana hakuwa mkali hata kidogo. Alisema, "Mama, ile ilikuwa haki ndogo tu, ya muda." Ssenga akamwuliza, "Haki gani, mwanangu?" Kijana akanyamaza, kwa maana katika lugha waliyokuwa wakiizungumza hakukuwa na jibu.

Ninaomba msomaji asiharakishe kusema kwamba hii ni ajali ya sauti mbili kufanana. Swali la ssenga ndilo swali lote. Kwa Kiswahili mtu hawezi kutaja alichokifanya kijana yule bila kujibu kama kilikuwa sawa au si sawa. Kwa neno la kuazima aliweza, tena kwa sauti ya upole. Neno lilimpa mahali pa kusimama ambapo hakuna anayemwuliza kitu.

Tena tuangalie kiraka chenyewe kilifanya nini. Ile tofauti ya jioni haikuwa uchafu wa kufagia. Ilikuwa kengele. Siku ile ssenga alipoweka pesa zake, droo ingezidi kwa shilingi 600,000, na hakuna meneja anayeweza kulala na pengo la namna hiyo. Wangetafuta, wangeipata ile risiti iliyofutwa, na mambo yangekwisha kabla ya giza kuingia. Kijana hakuziba tundu. Alinyamazisha kengele iliyokuwa ikisema pana tundu, kisha akaondoka nayo mfukoni.

Sasa niingie kwenye maneno yetu. Walimu wengine wa kompyuta husema Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya. Kamusi zetu za teknolojia zimewapa nafasi ya kusema hivyo, kwa sababu zikikutana na neno hili la Kiingereza huandika kudukua, na mdukuzi ni mtu anayeingia katika kompyuta ya mwenzake bila ruhusa. Maana hiyo ipo, lakini ni maana moja tu. Yule kijana hakudukua chochote. Alipewa ufunguo na mlango alifunguliwa. Kwa hiyo ile maana nyingine, ya marekebisho ya haraka, imebaki bila mwenyewe katika vitabu, na watu wakadhani haipo katika lugha.

Ipo, na ina majina zaidi ya moja. Baadhi yake sikuyapata katika vitabu vyetu vya darasani. Niliyapata kwa wanafunzi wenzangu kutoka Tanzania, wakisimulia mambo ya nyumbani kwao. Nitayapanga kuanzia lililo la heshima hadi lililo la aibu.

La kwanza ni kiraka. Nguo yenye kiraka haimdanganyi mtu. Inasema: nilichanika hapa, nikashonwa hapa. Watanzania hata mchezaji wa mpira anayeweza kucheza nafasi nyingi humwita kiraka, na kwao hiyo ni sifa. Aliyeweka kiraka hana hatia, mradi kionekane.

La pili ni zimamoto. Kazi ya zimamoto ni ile inayofanywa moto ukiwa umeshawaka: bajeti iliyoandikwa usiku wa kuamkia kikao, barabara inayozibwa mashimo mgeni akiwa uwanja wa ndege. Neno hili halimlaumu mwenye kushika ndoo. Linamlaumu aliyeacha kuni karibu na jiko. Katika kompyuta mara nyingi huyo ni mkubwa wa ofisi, na ni vizuri kuwa na neno linalomfikia.

La tatu ni kulipua. Kulipua kazi ni kuifanya upesi bila kujali, ili uondoke na malipo yako. Hapa lawama iko kwa mwenye mkono. Ukuta uliolipuliwa hauna tofauti na mwingine siku ya kwanza; tofauti huonekana mvua ikinyesha.

La nne ni danganya toto. Ni kitu anachopewa mtu ili anyamaze, kama mtoto anayepewa chuchu tupu. Programu inayoonyesha alama ya kuzunguka na maneno "tunashughulikia ombi lako", huku hakuna kinachoshughulikiwa, ni danganya toto. Sijaona neno la Kiingereza linalosema hivyo kwa ufupi huo.

La tano na la mwisho ni funika kombe. Sote tunaijua methali yake: funika kombe mwanaharamu apite. Ni kuficha jambo hadi anayeweza kuliona aondoke. Akaunti ya mwanachama asiyekuwepo ilikuwa funika kombe, na kila jioni saa kumi na mbili kombe lilifunikwa upya.

Tazama basi. Vitu vitano tofauti, ambavyo kwa neno la kuazima vyote vinaitwa "haki" na kuchekewa. Mwanafunzi anayejua maneno matano anaweza kujiuliza kabla ya kulala: leo nimeweka kiraka, au nimefunika kombe? Mwanafunzi mwenye neno moja hana swali la kujiuliza. Na si Kiswahili peke yake. Kwa Kiganda tuna okuyiiya, kubuni njia pale ambapo njia haipo, na tuna kiwani, kitu cha uongo kilichovikwa sura ya kweli. Hakuna Mganda anayeyachanganya hayo mawili anapokuwa sokoni. Kwa nini ayachanganye anapokaa mbele ya kompyuta?

Hapa najua nitaambiwa kwamba mimi ni adui wa ubunifu. Nitaambiwa kwamba bara letu limeishi kwa kuungaunga, kwamba Wakenya wana jua kali yao, kwamba Wakongo wana ule msemo wao maarufu wa Kifungu cha 15, yaani jitafutie njia mwenyewe, na kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Nakubali yote hayo. Nenda Katwe, hapa hapa Kampala, uone mafundi wanavyogeuza mabati na vyuma chakavu kuwa majiko, masanduku na mashine za kukatia nyasi za ng'ombe. Sina ninachowafundisha. Lakini tazama wanavyofanya. Sufuria iliyozibwa Katwe unaona ilipozibwa. Fundi anakuonyesha kwa kidole na kukwambia usiisugue sana hapo. Ukirudi kesho na malalamiko, yupo pale pale juani. Mafundi wa jua kali ni waungwana kuliko sisi tunaojifananisha nao.

Hata mfano ambao waandishi wa programu huupenda kuliko yote unanipa nguvu mimi. Tarehe 13 Aprili 1970, chombo cha Apollo 13 kikiwa njiani kuelekea mwezini, tangi la oksijeni lililipuka. Wanaanga watatu walijibana katika chombo kidogo cha kushukia mwezini, nacho hakikuwa na vichujio vya kutosha vya kusafisha hewa waliyoipumua. Vichujio vya chombo kikubwa vilikuwepo, lakini vilikuwa vya mraba na matundu yalikuwa ya mviringo. Wahandisi walioko duniani walibuni namna ya kuviunganisha kwa mifuko ya plastiki, majalada magumu ya vitabu vya maelekezo, mipira ya mavazi ya wanaanga na utepe wa gundi, wakawasomea maelekezo kwa redio hatua kwa hatua. Tarehe 17 Aprili wote watatu walirudi salama.

Hicho ndicho kiraka ninachokiheshimu. Waliopumua ile hewa ndio waliokifunga kwa mikono yao. Kila mtu alijua kipo na kimefungwa kwa nini. Na safari ilipokwisha, hakuna aliyesema chombo kinachofuata kiruke nacho. Kiraka cha heshima kina alama tatu: kinaonekana, kina mwenyewe, na kina siku ya mwisho. Anayetaja Apollo 13 kutetea kiraka kilichofichwa miaka miwili hajaielewa habari anayoisimulia.

Zitazame sasa habari za viraka visivyokuwa na alama hizo. Zamani kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali, na kadi moja ilikuwa na nafasi 80 za herufi, basi. Ili kubana nafasi, waandishi wa programu waliandika mwaka kwa tarakimu mbili: 1965 ikawa 65. Kwa wakati wao ilikuwa akili. Lakini hawakuandika popote siku ya kuacha, na programu zikaishi kuliko walivyotarajia. Ulipokaribia mwaka 2000, ambao kwa kompyuta nyingi ungekuwa 00 na kuchukuliwa kuwa 1900, serikali na kampuni duniani zilitumia mabilioni ya dola kwenda kupekua mistari iliyoandikwa na watu wengi ambao walikuwa wamestaafu au kufa.

Tena ipo ya Knight Capital, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta. Ndani ya programu yake kulikuwa na kipande cha zamani ambacho hakikutumika tangu 2003, lakini hakuna aliyekiondoa. Mwaka 2012 walihitaji swichi kwa ajili ya kazi mpya, wakachukua ile ile iliyokuwa ikiamsha kipande cha zamani. Programu mpya iliwekwa kwenye seva saba. Ya nane ilisahaulika. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti soko lilipofunguliwa, ile ya nane ikaamsha kile kipande kilicholala, kikaanza kununua na kuuza bila kukoma. Katika dakika 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Mwaka uliofuata haikuwa tena kampuni ya kujitegemea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Hawa hata ukuta hawakupata nafasi ya kuujenga.

Wenye elimu zaidi katika fani hii wataniambia kwamba jambo hili lina jina la kiungwana tayari: deni la kiufundi. Ni kweli. Ward Cunningham alilitumia mwaka 1992 kueleza kazi yake kwenye programu ya mambo ya fedha. Alisema kwamba kutoa programu ambayo bado haijakaa sawa ni kama kukopa: deni dogo husaidia kwenda haraka, mradi ulilipe mapema, na hatari ni kutolilipa. Naliheshimu neno hili kuliko yote ya Kiingereza niliyoyataja, kwa sababu angalau linakumbusha kwamba kuna siku ya kulipa.

Lakini sisi watu wa vyama vya akiba tunajua deni ni nini. Deni lina daftari. Lina jina la mkopaji, jina la mdhamini, kiasi, na tarehe. Ukikopa bila hivyo, kwetu haiitwi deni, inaitwa jina jingine. Sasa niambieni, deni la yule kijana liliandikwa wapi? Mdhamini alikuwa nani? Ssenga hakuitwa kutia sahihi, na ndiye aliyelipa. Methali inasema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa mmoja alikula harusi na mwingine akaliona tanga. Kama ni deni, basi liandikwe kama deni, mbele ya wenye mali.

Watu wengine watasema: haya ni maneno tu, badilisheni kazi kwanza, maneno yatafuata. Nawajibu kwamba anayeandika programu yuko peke yake na kazi yake. Hakuna anayepita nyuma yake akaona kama ukuta umepinda. Mwashi anatazamwa na mtaa mzima; sisi hatutazamwi na mtu. Katika kazi isiyoonekana, jina ndilo dirisha pekee. Ukilipaka rangi dirisha hilo, umewaacha watu nje. Tena waandishi wa programu wenyewe wanajua. Fungua programu yoyote ya muda mrefu, usome yale maelezo ambayo kompyuta huyaruka na ambayo binadamu huandikiana. Utakuta "hii ni ya muda", "rekebisha baadaye", "usiguse, sijui kwa nini inafanya kazi". Ungamo limo humo, limeandikwa wazi, katika chumba ambacho mwenye nyumba hana ufunguo wake.

Wapo pia watakaosema kwamba kosa si la kijana, ni la meneja aliyetaka hesabu zilingane jioni ile. Hapo nakubaliana nao nusu. Vijana wenzangu wanaoajiriwa hubanwa sana. Mkubwa hataki kusikia wiki moja, anataka kesho. Lakini ndiyo sababu nawataka wawe na maneno. Kijana akimwambia meneja kwa Kiingereza cha vichekesho kwamba ataweka "haki" ndogo, meneja anasikia ufundi na kuitikia. Akimwambia kwa lugha anayoijua, "Mzee, ukitaka leo nitakufunikia kombe, ukitaka nizibe, nipe siku tano," meneja amejua anachokiagiza. Hawezi kusema baadaye kwamba hakuelewa. Neno la wazi linamlinda mwenye akiba, na linamlinda kijana pia.

La mwisho nitaambiwa na Waganda wenzangu: kwa nini Kiswahili? Tangu 2005 katiba yetu imekitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na bado wengi wetu tunakiona lugha ya wageni au ya askari. Jibu langu ni la kazi, wala si la siasa. Programu ya chama cha akiba inayoandikwa Kampala inauzwa Mwanza, Kisumu na Goma. Viraka vyake vinavuka mpaka pamoja nayo. Lugha ambayo ssenga, karani wa Mwanza na mfanyabiashara wa Goma wote wanaweza kuulizia mali yao ni hii. Kama kiraka kinasafiri, jina lake lisafiri nacho.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Walimu wa kompyuta, mkimfundisha mwanafunzi kuandika programu, mfundisheni kuandika pia daftari la viraka, kwa lugha ya kawaida, likabidhiwe kwa mwenye programu pamoja na programu. Kila kiraka kiwe na mahali kilipo, jina la aliyekiweka na tarehe ya kukiondoa. Wanafunzi wenzangu wa Kiswahili, tuache kungoja kamusi. Kiraka, zimamoto, kulipua, danganya toto na funika kombe yameshakuwa maneno ya watu. Kazi yetu ni kuyaingiza katika ofisi na ripoti, kama tulivyoyakuta vijiweni.

Na ninyi wajumbe wa kamati za vyama, shule na zahanati, ambao mnaletewa mkataba wa programu mtie sahihi, hamhitaji kujua kompyuta hata kidogo. Mwulizeni kijana aliyekaa mbele yenu maswali matatu: viraka viko wapi, ni vya nani, na vitaondolewa lini? Akijibu, mpeni kalamu na karatasi ayaandike majibu hayo hapo hapo. Akicheka na kusema ni mambo ya kitaalamu, msitie sahihi.